Siku Siga Ilipooa Bia

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeambiwa niseme hivyo kwanza, nami nimesema. Kwa hiyo ukisoma hapa ukamwona mtu unayemjua, ujue ni macho yako, nenda kayapime.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo mimi nilikuwa mtu wa Itifaki. Kazi ya Itifaki ni kujua nani aketi wapi, nani asimame lini, nani acheke baada ya nani. Msiicheke, ni kazi nzito. Waziri mmoja aliwahi kucheka kabla Mtukufu hajamaliza mzaha wake, na mpaka leo ni balozi wetu katika nchi ambayo hatuna uhusiano nayo.

Mtukufu ndiye mkuu wetu. Cheo chake kizima hakienei katika ukurasa mmoja, na kukikata ni kosa, basi nitamwita Mtukufu tu, Mungu anisitiri.

Mtukufu alisafiri ng'ambo kutafuta marafiki wa maendeleo. Huko marafiki wakamkalisha kwenye kiti cha ngozi, wakamtia siga mkono mmoja na glasi ya bia mkono wa pili. Siga, kwa asiyeijua, ni jitu la sigara: majani matupu ya tumbaku yaliyosokotwa mpaka yakapata unene wa mhogo, hayana karatasi wala huruma. Na bia yenyewe haikutoka kiwandani. Ilipikwa na mafundi wachache, kwa mikono yao, pipa moja moja. Wenyeji wakamwambia: vuta taratibu, moshi usiumeze, uzungushe mdomoni, kisha piga funda la bia, halafu tulia usikilize ulimi unasema nini. Mtukufu akatulia. Tuliambiwa baadaye kwamba ulimi wake ulisema, "Na sisi je?"

Aliporudi hakutaja mikopo wala barabara. Alishuka kwenye ndege, akasimama juu ya zulia, akatutazama tulivyopangwa kwa vyeo, akauliza kwa uchungu, "Hivi taifa zima, miaka yote hii ya uhuru, tumeshindwa hata kuoanisha siga na bia?"

Tuliona aibu. Wengine walilia palepale, na waliolia vizuri walipandishwa vyeo.

*

Jambo lile alikabidhiwa Waziri wa Uchumi wa Starehe, Dakta Mponzi. Udaktari wake ni wa heshima. Alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo, na mchana chuo kikafungwa kwa kukosa maji.

Dakta Mponzi alisimama bungeni, akafuta jasho, akanguruma. "Ndugu zangu! Siga ni mwanamume. Bia ni mwanamke. Tunachokwenda kufanya si ulevi, na asithubutu mtu kusema ni ulevi. Ni ndoa! Na ndoa hii itazaa ajira, itazaa fedha za kigeni, itazaa watalii!"

Makofi yakapigwa mpaka vumbi likashuka kutoka darini. Mbunge mmoja wa viti vya nyuma akauliza kama ndoa hiyo inaweza kuzaa pia dawa za hospitali. Alitolewa nje kwa kuleta habari za uzazi ndani ya Bunge.

Ikaundwa kamati ya harusi, kama ilivyo ada yetu, maana sisi hata mtu akinunua kabati tunaunda kamati. Ikapata mwenyekiti, makamu, mhazini, na vikao vya hotelini vyenye kuku. Wananchi wakaombwa wachangie kwa hiari yao, na hiari hiyo ikakatwa moja kwa moja kwenye mishahara.

Bwana harusi hakuwa na shida. Tumbaku tunalima, na siga yetu ya kwanza ikasokotwa, ikaitwa Kishindo. Loo, ile siga! Kali kama pilipili kichaa. Aliyeisokota alizimia kwa harufu tu. Mawaziri wakapelekwa semina ya kuivuta bila kukohoa, kwa sababu ilishaamuliwa kwamba kukohoa mbele ya Mtukufu ni kutoa maoni, na maoni yanahitaji kibali. Naibu Waziri wa Afya, mtu wa watu, ana pumu tangu utotoni. Alivuta akiwa amefumba macho, machozi yanamchuruzika, mishipa ya shingo imemtoka, na alipoulizwa anaonaje alisema anauona mustakabali wa taifa. Nilimwamini. Rangi aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu anayeona mbali sana.

Tatizo lilikuwa bibi harusi. Bia ya kiwandani haikufaa, sharti iwe imepikwa na fundi kwa mikono. Wapikaji wa mikono tulikuwa nao tele. Ila wote, kwa bahati mbaya, walikuwa wahalifu. Sheria yetu inasema kupika pombe ya kienyeji ni kosa la jinai, na polisi wetu, ambao mwizi wa ng'ombe huwapita akiwasalimia, kwa pombe ya kienyeji wana pua ajabu.

*

Sasa nikujulishe mhalifu mmoja. Aliitwa Nyamizi, watu wakamzoea kwa jina la bintiye, Mama Kabula. Alikuwa mjane, akikaa Bondeni, mtaa ulioko nyuma ya Ukumbi wa Taifa, ule mtaa ambao huwa tunauzungushia mabati wakija wageni. Alipika pombe ya mtama. Aliotesha mtama wake, akauanika, akausaga, akapika, akachachua, na watu wa Bondeni wakanywa wakaenda kulala. Hilo ndilo kosa lake lote.

Walimvamia asubuhi akichuja. Wakamchukua yeye, wakachukua na pipa kama kielelezo cha mahakamani. Kituoni mkuu wa kituo akaonja kidogo ili awe na uhakika kwamba ni pombe. Hakuwa na uhakika. Akaonja tena. Mchana akaja mkuu wake kumsaidia kukosa uhakika, na jioni habari zilishamfikia Dakta Mponzi, ambaye alifika mwenyewe na kata yake ya kunywea.

"Hii ndiyo!" alisema Waziri, povu likiwa bado kwenye sharubu. "Bibi harusi amepatikana!"

Kielelezo kikatiwa kwenye chupa, kikabandikwa karatasi yenye picha ya mlima wa theluji, ingawa nchini kwetu theluji hakuna hata ya kuazima, na kikaitwa Bia ya Kifundi Fahari.

Mama Kabula akapandishwa kizimbani mbele ya Hakimu Lwanzali, mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutosomea.

"Unakiri au unakana?" akauliza hakimu.

"Nikikiri inakuwaje, mheshimiwa?"

"Miezi tisa."

"Na nikikana?"

"Unarudi mahabusu mpaka upelelezi ukamilike."

"Utakamilika lini?"

"Kielelezo kikiletwa."

Kielelezo, kama tujuavyo, kilikuwa kinafanyiwa upelelezi wa ndani kabisa. Mama Kabula akafikiri. Bintiye Kabula alikuwa na mimba ya kwanza. Kwao, na kwetu pia tuliozaliwa na watu, binti akijifungua mamake ndiye humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo, humpikia uji wa pilipili manga, humshika mtoto ili mzazi apate usingizi. Hakuna mtumishi wa umma anayeweza kufanya kazi hiyo. Miezi tisa maana yake ni kuikosa. Kukana kulikuwa na tumaini.

"Nakana," akasema.

Basi kila alipoletwa, mwendesha mashtaka alisimama akasema upelelezi haujakamilika, hakimu akapiga muhuri, mama akarudishwa. Haujakamilika. Haujakamilika. Kabula akajifungua, akakandwa na jirani, na upelelezi haujakamilika. Niliposikia nilikasirika, lakini nilikasirika kwa kufuata utaratibu, yaani nyumbani, nikiwa nimefunga mlango.

*

Siku ya harusi ikafika. Ukumbi wa Taifa ulipambwa kwa vitambaa vya rangi ya tumbaku na rangi ya povu. Siga ililazwa juu ya mto wa hariri upande wa kulia. Chupa ya Fahari ilivishwa shela upande wa kushoto. Usinibishie, ndugu msomaji, shela nililifunga mimi. Alialikwa mtaalamu mashuhuri kutoka ng'ambo, Bwana Ruvalo, mzee mwembamba aliyeonja siga na bia za dunia nzima, aje aibariki ndoa kwa ulimi wake.

Mtukufu akaketi. Dakta Mponzi akahutubia, akalinganisha moshi na ndoto za mashujaa na povu na maziwa ya mama. Kisha akamimina bia kwenye glasi, akawasha siga, akapiga goti, akampa Mtukufu.

Mtukufu aliitazama ile glasi. Mtu yule amevaa suti za ng'ambo tangu ujana, lakini ndani ya suti ni mtu wa kwetu, na kwetu pombe hainywewi hivihivi. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, akatoa shaka, ndipo kata ikazunguka. Asipoonja, hiyo si pombe, ni jambo lingine. Na Mtukufu, ambaye hata maji ya bomba ya Ikulu hunywa baada ya mpishi, alikuwa na shaka kuliko watu wote aliowahi kuwatawala.

"Aliyempika bibi harusi yuko wapi?" akauliza. "Mama aonje kwanza."

Dakta Mponzi akageuka rangi. Akanivuta pembeni kwa tai. "Kamlete. Mbio! Na mfunike hayo manguo ya mahabusu."

Nikaenda, nikamtoa, nikamtupia kitenge cha sare ya kamati juu ya nguo zake. Njiani aliniuliza kwa utulivu, "Mwanangu, nikionja mbele za watu si nimekiri kwamba nimeipika?"

"Mama, mimi ni mtu wa Itifaki," nikamwambia. "Sheria iko ghorofa ya pili."

"Na nisipoonja?"

"Watasema umemtilia Mtukufu sumu."

"Hiyo ni miezi mingapi?"

"Hiyo haina miezi, mama."

Tukaingia. Akasimama mbele ya Mtukufu, akapiga goti kama alivyolelewa, na alipopewa kata aliitazama tu.

"Mtukufu," akasema, "mimi nilikuwa na pipa, wakaja wakalichukua. Likawa la Serikali. Mwenye pombe ndiye huonja, na mwenye pombe sasa ni Serikali. Basi Serikali ionje."

Ebo! Mtukufu akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Katibu Mkuu, Katibu Mkuu akamtazama aliye chini yake, macho yakateremka ngazi kwa ngazi mpaka yakanifikia mimi, na mimi nikaitazama sakafu. Wanaume wazima, na matumbo yao! Pombe ileile walikuwa wakiinywa kwa siri tangu asubuhi nyuma ya pazia, sasa hakuna hata mmoja mwenye koo.

Bwana Ruvalo hajui lugha yetu. Alipoona watu wote wamemnyamazia na wanatazamana, akadhani ni yeye anayesubiriwa. Akachukua siga, akavuta, akauzungusha moshi mashavuni. Jasho likamtoka. Akapiga funda la Fahari, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo, na alipoyafumbua yalikuwa na machozi ya kweli, si ya semina. Akasema kwa mkalimani: "Nimeonja dunia nzima. Siga hii ni adui wa binadamu. Lakini kinywaji hiki kimeishinda, kimeishika mkono kikaikalisha chini. Nani fundi wake?"

Ukumbi mzima ukanyoosha kidole kwa Mama Kabula. Mawaziri, majenerali, wake zao, wapiga tarumbeta. Hakimu Lwanzali alinyoosha mikono yote miwili.

Mtukufu akanywa. Tukapiga makofi. Fahari ikapewa nishani, nami ndiye niliyeifunga shingoni mwa chupa.

Jumatatu yake kesi ikaitwa, na upelelezi, jamani, ulikuwa umekamilika. Ushahidi ulikuwa vidole vya taifa zima. Hakimu alikuwa shahidi mmojawapo, lakini hilo halikumzuia kuhukumu, alisema limemrahisishia.

"Una la kujitetea?"

"Ninalo," akasema Mama Kabula. "Mheshimiwa, siku ya harusi wewe mwenyewe uliomba uongezewe."

"Imeandikwa," akasema hakimu. "Mshtakiwa anathibitisha kwamba kilikuwa kilevi. Miezi tisa."

*

Hapo ndipo utakapoona akili za viongozi wetu. Bibi harusi ana nishani, nchi za nje zinaagiza, na fundi yuko ndani. Nchi nyingine ingetahayari. Dakta Mponzi aliita waandishi wa habari akatangaza kwamba kiwanda kimehamishwa kumfuata fundi, kama vile shule inavyomfuata mtoto. Mapipa yakaingizwa gerezani, mtama ukaingizwa, kuni zikaingizwa. Mama Kabula akapika kwa amri, akilindwa na askari wenye bunduki asije akatoroka na ujuzi wake.

Gereza lenyewe, nisisahau, halikuitwa gereza. Liliitwa Kituo cha Marekebisho, na mkuu wake, Afande Chilongola, alikuwa na huzuni moja maishani: kwamba hajawahi kumrekebisha mtu. Watu waliingia wezi wa kuku wakatoka wezi wa magari.

Mimi nilitumwa kila mara kuchukua mapipa ya Ikulu, kwa hiyo nilikuwepo miezi tisa ilipomalizika. Mama Kabula alikuwa ameshakunja kanga zake. Afande Chilongola akaja na karatasi, akakohoa kidogo, maana huku kukohoa kunaruhusiwa, akamsomea: kwamba ameonekana na mashahidi kadhaa akipika pombe ya kienyeji bila kibali, na safari hii ndani ya eneo la Serikali, jambo linalofanya kosa kuwa zito zaidi.

"Afande," akasema Mama Kabula polepole, "si ninyi mlioniamuru?"

"Amri tuliitoa," akasema Afande, naye nadhani aliona haya. "Kibali hukuomba."

Miezi tisa mingine. Mama hakulia. Mimi nilitamani nipige kelele, nikapiga chafya. Niliporudi na gari la mapipa mwezi uliofuata nikamkuta anakoroga, mikono imemvimba kwa maji ya moto, akaniuliza habari za Bondeni. Nikamwambia Kabula ana mimba tena.

Akaacha kukoroga. "Wa kwanza alikandwa na jirani," akasema. "Nimemwona mara moja tu, kwenye waya, ameshikwa juu kama samaki wa kuuzwa. Huyu wa pili, mwanangu, nitamkanda mama yake mimi. Hata walale mlangoni."

"Watakusomea tena karatasi, mama."

"Wasome," akasema, akaendelea kukoroga.

*

Harusi ilipotimiza mwaka na nusu kamati ikakumbuka kuku wa hotelini, ikaitisha kumbukumbu yake. Ikaangukia siku ileile kifungo cha pili kilipokuwa kinakwisha. Bwana Ruvalo alialikwa akaomba radhi, akaeleza kwamba mapafu yake bado yanajadiliana na Kishindo. Dakta Mponzi akasema hatuhitaji ndimi za kukodi.

Asubuhi nilipofika gerezani kumchukua Mama Kabula, jirani yake alikuwa getini. Kabula ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mama alisikia, akajifunga kanga kiunoni, akapanda gari bila neno. Afande Chilongola alikuja naye, na mfukoni mwake, upande wa moyo, ilikuwamo hati mpya ya mashtaka. Alinionyesha ncha yake. Ataisoma sherehe ikiisha, akasema, asije akaharibu furaha ya watu.

Ukumbi ulijaa, na mbele ilisimamishwa kamera ya televisheni ikirusha sherehe nchi nzima. Safari hii Dakta Mponzi alikuja na Mwongozo wa Uoanishaji, akausoma kwa sauti ya mtu anayesoma aya takatifu. Siga mkono wa kulia. Glasi mkono wa kushoto. Wote kwa pamoja, kuanzia majenerali hadi mabawabu, kuonyesha umoja wa kitaifa. Asinywe mtu, asiteremshe mtu, asiweke chini mtu, kabla Mtukufu hajanywa. Walinzi wakauliza bunduki je. Wakaambiwa binadamu ana mikono miwili, wazirudishe ghalani. Hata mabawabu wa mlango na askari wa geti wakapewa siga inayowaka na glasi yenye povu, wakasimama wima hivyo. Afande Chilongola akapewa zake. Hakimu Lwanzali akapewa zake. Nami nikapewa zangu.

"Kwa afya ya taifa!" akanguruma Dakta Mponzi, na glasi zikapanda juu zote kwa mkupuo. Ukumbi ukajaa moshi kama tanuri la mkaa, na hakuna aliyekohoa.

Mtukufu naye akanyanyua yake, ikafika kidevuni, ikasimama.

"Mama aonje kwanza," akasema.

Mama Kabula akapiga goti. Yeye peke yake katika ukumbi ule mikono yake ilikuwa mitupu. Mbele yake palikuwa na kata imejaa.

"Nisamehe, Mtukufu," akasema. "Sinywi. Nimerekebika."

"Nini?"

"Nimerekebishwa na gereza lako, Mtukufu. Nimeapa, sitii tone mdomoni. Muulize Afande."

Na Afande Chilongola, maskini, mtu aliyengoja siku hiyo maisha yake yote, akajitokeza kifua mbele, uso unang'aa. "Ni kweli, Mtukufu! Ameapa mbele ya wafungwa wote na hajagusa! Ni wa kwanza wetu kurekebika!" Akangoja makofi. Ila makofi yangepigwa na mikono gani?

Dakta Mponzi akanguruma. "Mama, nakuamuru onja!"

"Mheshimiwa Waziri, nikinywa leo nitakuwa nimeidhalilisha Serikali iliyonirekebisha," akasema Mama Kabula kwa unyenyekevu kabisa. "Na haya matangazo si yanakwenda nchi nzima?"

Yalikuwa yanakwenda. Mtukufu akaitazama kamera, akaitazama glasi. Kunywa pombe ambayo mwenyewe amekataa kuionja, hawezi. Kuiteremsha, nchi nzima ikamwona ameogopa kata ya mjane, hawezi. Akabaki nayo kidevuni. Na kwa kuwa yeye hajanywa wala hajateremsha, sisi wote tukabaki nazo juu. Mwili wa dola ukasimama mzimamzima, mabega yanawaka moto.

Mama Kabula akainuka. Akamgeukia Hakimu Lwanzali. "Mheshimiwa, kifungo changu si kimekwisha leo?"

"Kimekwisha," akasema hakimu, glasi inamchezacheza. "Ila..."

"Ila nini?"

"Ila kuna hati."

"Nisomewe basi, niko hapa."

Hakimu akamtazama Afande. Afande akauinamia mfuko wake, akajaribu kuufungua kwa kidevu. Haukufunguka. Mashtaka yasiyosomwa si mashtaka, hiyo ni sheria yetu, na mimi naijua kwa sababu siku ile sheria ilikuwa imeshuka kutoka ghorofa ya pili ikasimama jirani yangu, na glasi mkononi.

"Haya, kwaherini," akasema Mama Kabula. "Mwanangu ana uchungu."

Akajitanda kanga, akapita katikati yetu, katikati ya moshi, polepole, bila kukimbia. Mlangoni bawabu mmoja, kijana wa watu, akasema, "Mama, simama hapo."

"Nishike, baba," akamwambia.

Bawabu akautazama mkono wake wa kulia, akautazama wa kushoto, akampisha. Nilifurahi. Nasema wazi, maana nchi yenyewe haipo: nilifurahi mpaka siga ikaniunguza vidole na sikuijali.

Tukaendelea kusimama. Povu likafa. Siga zikateketea zikafika kwenye ngozi, majenerali wakauma midomo. Naibu Waziri wa Afya akaanguka, lakini alianguka kiume, glasi imebaki juu. Mtukufu hakunywa, wala hakuteremsha, na jua la adhuhuri likahamia dirisha la upande wa pili.

Ndipo vikasikika, kutoka ng'ambo ya mabati, kutoka Bondeni: vigelegele. Mwanamke mmoja kwanza, kisha wengi, vikapanda, vikakatika, vikapanda tena, vya watu wanaopokea mtoto.

Dakta Mponzi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wananchi hao, Mtukufu," akasema. "Wanakushangilia."

Mtukufu akainamisha kichwa, akapokea.